Kifungo cha Menendez si ushahidi wa usafi

Ndugu mwandishi mmoja anadai kwamba kifungo cha miaka 11 alichopewa Bob Menendez, aliyekuwa seneta wa New Jersey, Januari 2025, kinathibitisha kuwa rushwa haina pa kujificha Marekani. Sikubaliani naye hata kidogo. Menendez alikutwa na vipande vya dhahabu na zaidi ya dola 480,000 taslimu nyumbani kwake, nyingine zimesokomezwa kwenye makoti. Huyo alificha.

Je, asiyeficha? James Snyder, aliyekuwa meya wa Portage, Indiana, alilipwa dola 13,000 na kampuni ya malori baada ya mji wake kununua malori ya kampuni hiyo kwa zaidi ya dola milioni 1. Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kuwa sheria ya shirikisho iliyomtia hatiani haihusu bakshishi inayotolewa kazi ikishafanyika. Inaniuma: mwananchi wa Portage analindwa na nani? Na mbunge wa Marekani anayechelewa kutangaza biashara yake ya hisa kwa kawaida hutozwa faini ya dola 200 tu. Haya yote ndugu yetu hakuyagusa.