Risiti ya Dhahabu

Mwaka 2019 Serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Masoko ya madini yakafunguliwa, la Geita likitangulia. Ukabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Hata hivyo wapo wanaouza vichochoroni kukwepa tozo hizo. Huko mizani ni ya mnunuzi, na bei ni yake (tena hacheleweshi kukupunja). Na mauti yakimkuta mchimbaji shimoni? Madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Mwenye duara atakuja na dai lake, aliyekopesha chakula na lake, ilhali mjane hana karatasi hata moja ya kuonesha mumewe aliuza nini.