Daktari mpya apimwe kabla ya kuandika ordonansi peke yake

Kila mwaka vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo, Kisangani na Lubumbashi vinatoa waganga wapya. Wanakula kiapo, familia zinafanya sherehe, picha zinajaa kwenye simu. Muda mfupi baadaye kijana yule yule anaweza kujikuta peke yake usiku katika hospitali ya zone ya mbali, bic mkononi, akiandikia dawa mtoto anayetetemeka kwa homa. Daktari mkubwa yuko mjini na mtandao wa simu haushiki. Kile anachoandika ndicho muuguzi atakachodunga.

Tunauliza swali moja tu: nani amehakikisha kwamba kijana huyu anajua kuandika dawa bila kuhatarisha maisha ya mtu? Hatusemi kwamba hajasoma. Amesoma miaka mingi na amefaulu anatomia, fiziolojia na farmakolojia. Lakini kujua dawa inavyofanya kazi mwilini ni kitu kimoja. Kuandika dozi sahihi saa nane za usiku, kwa mgonjwa mwenye magonjwa mawili anayetumia dawa tatu tayari, ni kitu kingine.

Uingereza ililiona tatizo hilo kwake. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 19 za kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Watafiti walipitia maagizo ya dawa zaidi ya 124.000 na kukuta makosa karibu asilimia 9. Waganga wa mwaka wa kwanza walikosea katika asilimia 8,4 ya maagizo, wa mwaka wa pili asilimia 10,3. Hata madaktari bingwa walikosea, ila kidogo zaidi. Makosa mengi yalinaswa kabla ya kumfikia mgonjwa, kwa sababu pale kuna mfamasia anayepita kwenye vitanda na kusoma kila karatasi.

Baada ya hapo vyuo vya udaktari na chama cha wataalamu wa farmakolojia vya huko viliandaa mtihani mmoja wa taifa kuhusu usalama wa kuandika dawa. Unachukua saa mbili na una sehemu nane: kuandika ordonansi, kukagua ordonansi ya mwenzako na kutafuta kosa, kupanga matibabu, kumweleza mgonjwa, kupiga hesabu za dozi, kutambua madhara ya dawa, kufuatilia mgonjwa, na kusoma matokeo ya laboratwari. Sehemu ya kuandika peke yake ina alama 80 kati ya 200. Mtahiniwa anaruhusiwa kufungua kitabu cha dawa cha taifa wakati wa mtihani, kwa sababu wanaopima hawatafuti kasuku. Wanatafuta mtu anayejua kutafuta, kuchagua na kuhesabu. Kuanzia mwaka 2016, daktari wa mwaka wa kwanza wa mazoezi alitakiwa awe ameufaulu ndipo amalize mwaka huo.

Kwa maoni yetu, Kongo inahitaji mtihani wa namna hii kuliko hata Uingereza. Kule kosa la kijana linapita mbele ya mfamasia, muuguzi mzoefu na kompyuta. Hapa kwetu, katika hospitali nyingi za zone, linapita mbele ya muuguzi aliyechoka, kisha linaingia kwenye mshipa.

Tuchukue mfano wa malaria kali, ugonjwa ambao hakuna daktari wa Kivu, Ituri au Maniema atakayeukwepa. Mtoto ana kilo 12. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe artesunati miligramu 3 kwa kila kilo, na aliyezidi hapo apewe 2,4. Kwa hiyo mtoto wetu anahitaji miligramu 36. Chupa ina 60. Ikichanganywa kwa kudunga mshipani, kila mililita ina miligramu 10, maana yake ni mililita 3,6. Hesabu ni ya shule ya msingi. Lakini anayetumia kipimo cha mtu mzima atampa mtoto dawa pungufu, anayesahau kupima kilo atakisia, na anayekosea nukta atafanya baya zaidi.

Si artesunati tu. Kinini inashusha sukari ya damu, hasa kwa mama mwenye mimba. Asiyejua hilo ataona mama amepoteza fahamu na kusema malaria imepanda kichwani, kumbe anahitaji glukozi haraka. Jentamisini inaumiza figo na masikio. Seftriaksoni haichanganywi na seromu yenye kalsiamu kama Ringer, na kwa mtoto mchanga kosa hilo linaweza kuua. Hizi ndizo dawa za kila siku katika hospitali zetu. Maswali ya mtihani wa Kongo yangetoka hapo, si katika dawa za bei ya dhahabu ambazo hatutaziona kamwe.

Watu wa Ituri wanakumbuka kile kilichotokea kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015. Mamia ya watu, wengi wao watoto na vijana, walifika hospitalini shingo zimepinda, uso umekakamaa, ulimi unatoka nje. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Mwishowe ikajulikana kwamba vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani, dawa ya magonjwa ya akili. OMS ilitoa tahadhari Julai 2015. Mtihani hauwezi kuzuia dawa bandia kuvuka mpaka. Hiyo ni kazi ya serikali na ya mamlaka yake ya kudhibiti dawa. Lakini daktari aliyezoezwa kujiuliza kila mara “je, hii inaweza kuwa ni dawa?” anashtuka mapema zaidi. Na siku moja ya kushtuka mapema ni vitanda vingi vinavyobaki wazi.

Tunajua kuna wenye kupinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza watasema: mnamwongezea mzigo kijana ambaye serikali haimlipi. Ni kweli. Waganga wengi wapya wanafanya kazi miaka kadhaa kama “nouvelles unités”, bila matricule na bila mshahara wa serikali. Kwa hiyo mtihani huu usilipiwe na mtahiniwa hata franka moja. Ukigeuzwa kuwa mlango mwingine wa kukusanya pesa, bora usianze.

Wa pili watasema: mtihani Kongo unanunuliwa. Nani hajasikia habari za “maquis” wakati wa Exetat, au za alama zinazotolewa kwa pesa na kwa mwili wa msichana? Hatuwezi kufumba macho. Lakini dawa ya ugonjwa huo si kuacha kupima watu. Karatasi iwe moja kwa nchi nzima, ifanyike siku moja, iwe na namba badala ya jina, na isisahihishwe na maprofesa wa chuo cha mtahiniwa. Mtihani wa kitabu wazi una faida nyingine: kibuti cha majibu kinasaidia kidogo pale ambapo kazi ni kufikiri.

Wa tatu watasema: wanaoandika dawa nyingi Kongo si waganga, ni wauguzi wakuu wa vituo vya afya, wale tunaowaita IT. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na tunaikubali. Lakini ni nani anayemsimamia IT? Ni daktari wa zone. Asiyejua kukagua ordonansi yake mwenyewe hatakagua ya mwingine. Tuanze na madaktari, kisha mtihani mfupi zaidi uwafikie wauguzi, ukifuata ordinogrammes wanazotumia tayari.

Utafiti ule wa Uingereza ulisema jambo ambalo wapenda mitihani hulisahau: makosa hayakutokana na ujinga peke yake. Yalitokana na uchovu, kazi nyingi, mgonjwa asiyefahamika vizuri, na kijana kuogopa kumuuliza mkubwa wake. Mtihani hautibu mambo hayo. Ndiyo maana tunaomba vitu vinne viende pamoja.

Kwanza, Ordre des médecins, pamoja na vitivo vya udaktari na wizara ya afya, iweke mtihani wa taifa wa kuandika dawa kabla ya daktari mpya kuruhusiwa kufanya kazi bila msimamizi. Vituo viwe Goma, Bukavu, Bunia, Butembo na Kindu pia. Barabara zetu na vita vyetu tunavijua, na hakuna atakayesafiri hadi Kinshasa kwa karatasi ya saa mbili.

Pili, anayeshindwa asifukuzwe. Aendelee na kazi chini ya mkubwa anayesaini kila ordonansi yake, kisha arudi baada ya miezi michache. Lengo ni mgonjwa apone, si kijana aaibike.

Tatu, kila hospitali iwe na kitabu cha dawa mezani pa wa zamu. Orodha ya taifa ya dawa za lazima ipo. Vitabu vya dawa vya Médecins Sans Frontières vipo kwa Kifaransa na ni vya bure. Kuchapisha nakala chache si mradi wa mamilioni.

Nne, kila ordonansi iwe na kilo za mgonjwa na nafasi ya kuandika dawa zisizompatana. Hakuna kilo, dawa ya mtoto isitoke farmasi.

Wewe msomaji nawe una sehemu yako. Ukipewa ordonansi, uliza dawa hii ni ya nini, inatumiwa mara ngapi, na ukiona dalili gani urudi haraka. Sema kama una mimba, kama una ugonjwa wa figo, kama kuna dawa nyingine unatumia nyumbani. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Tunamtaka dereva apimwe kabla ya kupewa permis, ingawa wote tunajua permis zinavyopatikana. Hakuna anayesema kwa hiyo tuache kuwapima madereva. Kwa anayetushikia mtoto usiku, tudai angalau kiasi hicho.