Kijana, Usimcheke Jirani Yako wa Kanisani



Kuna mazoea yameingia kati yetu. Ikitokea habari ya kanisa la Ulaya kubariki wapenzi wa jinsia moja, unaichukua, unaongeza vicheko, kisha unamtumia mwenzako Mkristo: "Ona dini yenu!" Jameni, hiyo si da'wah. Na mara nyingi hata si kweli.

Chukua Waanglikana. Mwaka 2003 kanisa lao la Marekani lilimweka wakfu Gene Robinson, aliyeishi wazi na mwanamume mwenzake, kuwa askofu. Kanisa la Kenya likapinga. Eliud Wabukala, aliyekuwa Askofu wa Bungoma hapa hapa kabla ya kuwa Askofu Mkuu mwaka 2009, baadaye aliongoza baraza la maaskofu wakuu wa GAFCON, muungano uliokataa mwelekeo huo. Februari 2023 sinodi ya Kanisa la Uingereza ilipoidhinisha baraka, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipinga hadharani.

Wakatoliki je? Desemba 2023 Vatikani iliruhusu makasisi kuwabariki walio katika mahusiano hayo, bila kuyaita ndoa. Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema baraka hizo hazifai kwao. Na Friends, ambao wamejaa Webuye hadi Kitale? Wenzao wa Uingereza walikubali ndoa hizo mwaka 2009. Wa huku kwetu hawakuwafuata.

Sasa mama wa Friends anayekuuzia mboga sokoni Chwele, unamcheka kwa lipi? Hakuna aliyemuuliza kutoka London. Wewe mwenyewe unajua uchungu wa kuangaliwa vibaya kwenye matatu kila Al-Shabaab wakifanya unyama. Unasema, "Hao si mimi." Basi mpe jirani yako haki hiyo hiyo. Suratul Hujurat imetukataza watu kudharau watu wengine, maana huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao.

Kuna jambo la pili, na hili ni gumu zaidi. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba serikali haikuwa na haki ya kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Wengi wetu tulikasirika, makanisa pia. Lakini soma vizuri: mahakama haikuhalalisha tendo. Kifungu cha 162 kipo, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kilichoamuliwa ni uhuru wa kujumuika, Kifungu cha 36 cha Katiba.

Huo uhuru usiubeze. Mwaka 2015, baada ya shambulio la Garissa, serikali ilifunga akaunti za MUHURI na Haki Africa, mashirika yanayotetea Waislamu wanaopotezwa na polisi. Ni mahakama iliyoagiza zifunguliwe. Ukimpa afisa wa serikali uwezo wa kufunga shirika kwa sababu tu halipendi, kesho atagonga mlango wa msikiti wako.

Msimamo wetu wa dini haujabadilika: tendo hilo ni haramu, na hatuoni aibu kusema. Ila dini hiyo hiyo, katika Suratun Nur, imeweka mashahidi wanne na adhabu ya viboko 80 kwa anayezushia watu uzinzi bila ushahidi. Kwa hiyo kusambaza picha ya kijana wa mtaa na kumuita shoga, kumtishia ili atoe pesa, au kumwitia umati si kutetea Uislamu. Ni dhulma, na utaulizwa.

Ukiulizwa msimamo wako, useme wazi na kwa adabu. Ukitumiwa kicheko, usikisambaze. Na jirani yako wa kanisani akidhulumiwa, awe wa kwanza kukuona wewe upande wake.

Wabillahi tawfiq.