Ekseli ya gari jingine: hatari iliyohamia kwenye lami ya Ifakara

Tangu lami ya Kidatu hadi Ifakara ikamilike, wasikilizaji wetu wanatuuliza swali lilelile. Gari limekwenda Mlimba na Malinyi miaka mingi bila kusumbua, kwa nini likipanda lami linatetemeka na kuvuta upande? Tukiwauliza zaidi, wengi wanajibu kwamba ekseli ilishabadilishwa.

Huku Katindiuka sababu ya kubadilisha inaeleweka. Masika maji ya bondeni huingia kwenye difu, matope hula beringi, na gari halipumziki kwa sababu mpunga unasubiri. Ekseli mpya hainunuliki. Inatafutwa ya mtumba, iliyotoka kwenye gari lililochinjwa.

Tatizo ni kwamba ekseli huja na vipimo vya gari ilikotoka. Vikalio vya springi vimechomelewa juu yake kwa umbali na pembe inayolingana na chasisi ile. Chukua Land Cruiser za kazi za familia ya 70. Mwaka 1999 Toyota iliondoa springi za bapa mbele na kuweka za koili, ikarefusha springi za nyuma, na nati za tairi zikapungua kutoka 6 hadi 5. Kwa jina ni gari lilelile, lakini ekseli ya baada ya mwaka huo haiingii kwenye gari la kabla yake bila kukata na kuchomelea. Anayeifunga nyuma tu anabaki na nati 6 mbele na 5 nyuma, yaani tairi moja ya akiba haimtoshi tena. Land Rover nazo zina mpaka wao: One Ten ya 1983 ilikuja na koili, wakati Series III iliyoitangulia ilikuwa na bapa.

Kikalio kikichomelewa kwa pembe isiyo sahihi, shingo ya difu hutazama juu au chini kupita kiasi. Propela shafti inazunguka imepinda, na misalaba yake inakufa mapema. Shokapu fupi kuliko mwendo wa springi ndiyo inayozuia ekseli isishuke, kazi ambayo haikutengenezewa, mpaka ing'oke. Springi ngumu kushoto na laini kulia hulaza gari upande mmoja.

Kinachotutisha zaidi ni breki. Hosi iliyotosha ekseli ya zamani inaweza kuwa fupi kwa hii mpya, ikavutika kila gurudumu linapoingia shimoni. Toyota nyingi za mizigo pia zina kifimbo kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali inayopima uzito, ili breki za nyuma zipate nguvu kulingana na mzigo. Kimo cha springi kikibadilika bila kifimbo kurekebishwa, vali inadanganywa: gari tupu linaweza kufunga magurudumu ya nyuma na kuteleza, au lililojaa magunia likakosa breki za nyuma.

Kwenye tope, kwa kilomita 20 kwa saa, kasoro hizi zilivumilika. Kwenye lami dereva anakwenda 80, na abiria wameketi juu ya magunia.

Hatuwalaumu mafundi peke yao. Mwenye gari akisema “funga hiyohiyo, nawahi mzigo”, fundi ana familia. Hata ukaguzi wa askari wa usalama barabarani, kwa macho na kando ya njia, hauwezi kuona pembe ya shingo ya difu. Tunadhani gari lililobadilishwa ekseli lingestahili kupanda juu ya shimo la ukaguzi na kupimwa breki likiwa na mzigo, kabla ya kurudi kubeba watu.

Kwa anayenunua wiki hii: muuzaji akishindwa kusema ekseli imetoka gari gani na la mwaka gani, hesabu nati, pima umbali wa kikalio hadi kikalio, linganisha na ya kwako iliyoko chini ya gari. Chukua yubolti mpya, usirudishe za zamani, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.