Kadi Sitini Si Uchawi

Wapo ndugu wanaotutaka tulaani kadi za Magic: The Gathering, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1993, ati jina lake ni uchawi. Hatukubali. Kijana aendaye mashindanoni hupanga kadi zisizopungua 60, nakala za kadi moja zisizidi 4, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Hujaribu, hushindwa, kisha huondoa hata kadi aipendayo kwa kuwa haizisaidii nyingine. Ushirikina uko wapi hapo?

Tunachokemea ni pakiti zilizofungwa, zinunuliwazo kwa kubahatisha. Katekisimu, namba 2413, haikatazi michezo ya bahati yenyewe, bali inapomnyima mtu mahitaji yake. Mwenye kuhitaji kadi moja na ainunue hiyohiyo.