Mgonjwa wa Ini Hakurogwa: Mwenzi Wake Afundishwe Kumwuguza

Chukua mfano wa mwalimu mwenye umri wa miaka hamsini, ambaye ini lake limekwisha kuharibiwa na homa ya ini ya miaka mingi. Kwa muda wa wiki mbili usiku hapati usingizi, na mchana anasinzia juu ya madaftari ya wanafunzi. Mwandiko wake, uliokuwa ukisifiwa shuleni kote, umepindapinda. Halafu siku moja anatia chumvi katika chai, anamtukana mkewe mbele ya watoto, na jioni haikumbuki njia ya kwenda chooni. Majirani wanayo majibu tayari. Wapo wasemao kuwa amerogwa na mtu anayekitamani cheo chake. Wapo wasemao kuwa amerukwa na akili. Na wapo wasio na haya, wasemao kuwa mkewe ndiye aliyemlisha kitu.

Majibu yote hayo ni ya uongo, na uongo huo unaua.

Ukweli ni kwamba ini ndilo lenye kazi ya kuisafisha damu itokayo tumboni. Vijidudu vilivyomo katika utumbo hutoa sumu mbalimbali, na mashuhuri kati yake ni amonia. Ini zima huikamata amonia na kuigeuza, kisha hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Ini lililojaa makovu haliiwezi tena kazi hiyo, na sehemu ya damu hulikwepa kabisa. Sumu hufika ubongoni. Dalili za kwanza ni kubadilika kwa usingizi, usahaulifu na hasira zisizo na sababu. Baadaye mikono ikinyoshwa mbele hupigapiga kama mbawa za ndege. Asipotibiwa, mgonjwa huzimia, na pengine asizinduke.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mara nyingi hali hii hurudi nyuma, ikiwa kilichoichochea kitagunduliwa mapema. Vichocheo vyenyewe vinajulikana: kufunga choo, maambukizo, kutokwa damu tumboni, kuishiwa maji mwilini, pombe, na vidonge vya usingizi. Hapo ndipo ilipo hatari ya ujinga. Mgonjwa akikesha, jamaa mwenye huruma humnunulia vidonge vya kumlaza, na vidonge hivyo humzidishia maradhi. Akipelekwa kwa mganga na kunyweshwa dawa ya kumharisha siku nzima, hukaukiwa na maji, akafika hospitali hajitambui.

Dawa ya msingi ni laktulosi, maji matamu yaliyoanza kutumiwa kwa ugonjwa huu katika miaka ya 1960. Hupunguza amonia inayoingia katika damu, na huondoa uchafu tumboni. Kipimo chake hakiko katika kijiko peke yake, bali kiko chooni: mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Pungufu ya hapo, sumu inajikusanya. Zaidi ya hapo, mwili unakauka. Ugonjwa ukirudi licha ya dawa hiyo, daktari huweza kuongeza rifaksimini.

Ni nani basi atakayehesabu safari hizo za chooni? Si daktari, anayemwona mgonjwa mara moja kwa mwezi. Wala si mgonjwa, kwa maana akili inayotakiwa kuhesabu ndiyo inayougua. Tena mgonjwa huona aibu, huiruka dawa siku ya safari au ya mkutano, na kuikataa kwake kwa ukali huenda ikawa ndiyo dalili yenyewe. Kazi hii yote humwangukia mke, au mume pale mke anapougua, na aghalabu hufanywa bila maelekezo yoyote.

Watakuwapo wa kudai kwamba kumpa mwenzi wa ndoa kazi hiyo ni kumfanya daktari asiyesomea. Hoja hiyo haina nguvu. Hakuna anayemtaka mke aandike dawa. Anatakiwa kutazama, kuandika na kutoa taarifa. Kila asubuhi mgonjwa aandike jina lake katika daftari, na mwandiko wa leo ulinganishwe na wa jana. Idadi ya choo iwekwe pembeni. Akisinzia kupita kawaida, akipata homa, akitapika damu au akitoa choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja kikao cha ukoo. Asiendeshe gari wala pikipiki.

Tena asinyimwe chakula. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa protini. Leo imethibitika kwamba kuwanyima huwadhoofisha. Mgonjwa anahitaji kiasi cha gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Maharage, kunde, maziwa na mayai vinafaa, na kabla ya kulala apewe uji ili asishinde usiku kucha bila kitu tumboni.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza maradhi yanayowasumbua. Nchi iliyoweza hayo haishindwi kumpa mke wa mgonjwa karatasi moja ya Kiswahili safi siku mumewe anaporuhusiwa kutoka wodini. Mwalimu mkuu naye, kabla ya kuandika barua ya kumtuhumu mwalimu kwa ulevi na uzembe, hana budi kuuliza kwanza kama mtu huyo anaumwa. Na si kila ini bovu ni la mlevi: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini ya aina ya B mwaka 2022, na wengi wao hawakujua. Mwenzi asiye na maambukizo apimwe na kuchanjwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mke anayehesabu, anayeandika na anayekesha hafichi. Yeye ndiye mlinzi wa mwisho wa uhai wa mumewe. Ukoo unaomwita mchawi unamvunja mkono mlinzi huyo. Hospitali inayomwacha bila maelekezo inamtuma vitani bila silaha. Haki yake ni kufundishwa, na haki hiyo haigharimu zaidi ya karatasi moja na robo saa ya mwuguzi.