Mlinzi Gani Huyu?



Nimechoka kusikia ndugu zetu, wengine wasomi kabisa, wakidai kwamba Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 ili kuwaokoa wasemao Kirusi wa Donbas wasiangamizwe. Hasira yetu kwa Marekani naielewa, Iraq na Libya hatujazisahau. Lakini isitutie upofu.

Tuhesabu. Umoja wa Mataifa unasema raia wasiopungua 3,404 waliuawa katika vita vya mashariki ya Ukraine kuanzia 2014 hadi mwisho wa 2021, wakiwemo 298 wa ndege ya Malaysia. Ni damu nyingi, na mizinga ya Kyiv haina pa kujificha. Lakini wengi wao walikufa miaka miwili ya mwanzo. Mwaka 2021 mzima, kwa pande zote mbili, waliouawa ni 25. Hayo ndiyo maangamizi yaliyohitaji vifaru?

Sasa twende Mariupol. Mji wa watu zaidi ya 400,000, na Kirusi ndiyo lugha ya nyumbani, ya sokoni, ya kugombana na jirani. Jeshi la Urusi likauzingira, maji na umeme vikakatika, watu wakazikana nje ya maghorofa yao. Tarehe 16 Machi 2022 ndege ikalipiga bomu jumba la maigizo walikojificha mamia ya raia. Nje ya jumba, mbele na nyuma, palikuwa pameandikwa neno moja kwa herufi za kusomeka kutoka angani: DETI. Yaani watoto. Na ni Kirusi hicho, si Kiukreni! Rubani hakuhitaji mkalimani.

Najua nitatupiwa Odessa. Sawa. Tarehe 2 Mei 2014 watu 42, wengi wao wafuasi wa Urusi, walikufa kwa moto wa jumba la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitia Ukraine hatiani kwa kushindwa kuwalinda na kuchunguza. Aibu ya Kyiv, isifichwe. Ila nielezeni, dhuluma ya Odessa inafutwaje kwa kuwaua wasemao Kirusi wa Mariupol na Kharkiv?

Anayebisha aje na hoja, matusi ayaache kwao. Na aanze na neno lile lililoandikwa chini.